Lisbon siku tano: ulale mtaa gani? Magoti yako ndo yataamua

Kila nikiulizwa kuhusu Lisbon swali linaanzia kwenye hoteli, hoteli gani nzuri, hoteli gani bei poa, na mi kila siku nawarudisha nyuma, hebu niambie kwanza begi lako lina kilo ngapi na magoti yako yana miaka mingapi. Sitanii. Ule mji umekaa juu ya vilima, wenyeji wanasema saba, mi nilivoanza kuvipanda nikaacha kuhesabu, na chumba kilekile cha bei ileile kinaweza kuwa raha au adhabu, inategemea kama kiko bondeni au kiko kule juu ambako teksi haifiki. Picha za mtandaoni hazionyeshi ngazi. Zinaonyesha balkoni.

Mara ya kwanza tulienda mwezi wa kumi, tulikuwa wanne, mimi, mke wangu, mtoto wetu wa miaka sita, na mama ambaye alikuja kututembelea huku Ujerumani kutoka Tanga. Nikabuku apatimenti Alfama, mtaa mkongwe kuliko yote, balkoni inatazama mto Tejo na mapaa mekundu, tangazo linasema dakika tano kutoka stesheni. Na kweli ni dakika tano, kama wewe ni mbuzi. Teksi ikatushusha chini kabisa, dereva akanyoosha kidole juu, akatabasamu, akaondoka zake. Tukaanza kupanda na mabegi mawili makubwa, mama yuko nyuma anahesabu ngazi kwa sauti kama anahesabu mayai ya tray, alipofika tisini na kitu akakaa juu ya begi akasema mwanangu mi nimeshafika, nyie endeleeni. Bibi mmoja Mreno akachungulia dirishani, akapotea, akarudi na kiti cha plastiki akakiweka mlangoni kwake bila kuuliza kitu. Mama akakaa pale nusu saa nzima anacheka na yule bibi, hawana hata neno moja wanaloelewana, mi nashuka na kupanda na mabegi. Afu kumbe apatimenti yenyewe iko gorofa ya nne, lifti hakuna, na mwenye nyumba nilivompigia ananijibu mbona hukuuliza.

Ni kweli sikuuliza. Baada ya siku mbili tukahama, pesa ya siku zilizobaki haikurudi, ndo nikajifunza. Tangu hapo nimerudi mara mbili na nimelala mitaa mingine, kwa hiyo hii hapa chini naipanga kwa vitu vinne tu: metro iko karibu kiasi gani, mlima, usingizi, na bei. Mandhari sijaiweka makusudi, kwa sababu Lisbon mandhari ni bure, kila kilima kina kibaraza chake cha kutazamia mji wanakiita miradouro, unapanda mikono mitupu jioni, unakaa, unaona jua linazama, unashuka kulala sehemu yenye akili.

1. Anjos na Arroios

Ukisoma matangazo ya watalii huu ukanda hutauona sana, na ndo uzuri wake. Kuna barabara moja ndefu inaitwa Avenida Almirante Reis, inapita bondeni, kwa hiyo kwa viwango vya Lisbon ni tambarare, na chini yake inapita metro laini ya kijani. Uwanja wa ndege uko ndani ya mji na metro imefika pale tangu 2012, unapanda laini nyekundu mpaka Alameda, kama dakika ishirini hivi, unabadilisha kwenda kijani, stesheni ya kwanza Arroios, ya pili Anjos. Umefika, jasho halijakutoka. Na kutoka Anjos kwenda Rossio katikati ya mji ni stesheni tatu tu.

Usitegemee uzuri wa postikadi. Kuna majengo yamechakaa, kipande kinachoitwa Intendente, stesheni inayofuata baada ya Anjos, kina historia yake na usiku sana unaweza kukutana na walevi wawili watatu, mi sijawahi kupata shida ila nakwambia ujue. Kitu kinachonirudisha pale ni chakula. Ukishuka kwa miguu kuelekea Martim Moniz unaingia Mouraria, mtaa ambao Waislamu waliachiwa kukaa baada ya mfalme Afonso Henriques kuuteka mji mwaka 1147, na leo barabara yake moja, Rua do Benformoso, imejaa Wabangladeshi na watu wa Asia ya kusini kwa ujumla, biriani, chapati, nyama halali, maduka ya viungo. Mama aliingia kwenye duka moja kununua maji akatoka na iliki, binzari na mdalasini, maji kasahau. Na hata kwenye mikahawa ya Kireno kabisa utakuta sambusa kwenye kabati la vioo, wanaiita chamuça, iliwafikia kwa njia ya Goa, pembetatu ileile. Ukitaka kikali unaomba piri-piri, hilo jina sina haja ya kukutafsiria.

Bei: sisi tulilipa euro 95 kwa usiku, chumba cha watu wanne, wakati kule Alfama tulikuwa tunalipa 140 kwa heshima ya ngazi. Kasoro yake ni magari, ile barabara kuu hailali, kwa hiyo ukibuku andika kabisa kwamba unataka chumba cha upande wa nyuma.

2. Baixa, kama mfuko unaruhusu

Baixa maana yake ni chini, na kweli iko chini, tambarare kama meza (na meza kwao ni mesa, tutafika huko). Mitaa yake imenyooka kama imechorwa kwa rula kwa sababu ilichorwa kwa rula kweli. Tarehe 1 Novemba 1755, asubuhi ya sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wamejaa makanisani, likapiga tetemeko, mishumaa ikawasha moto, waliokimbilia kando ya mto wakakutana na tsunami. Huu upande wa mji ulikwisha. Waziri wa mfalme, yule aliyekuja kuitwa Marquês de Pombal, akaamua usijengwe tena kiholela, ukapimwa upya, na nyumba zikatiwa fremu za mbao ndani ya kuta, wanaita gaiola, yaani kizimba, ili ardhi ikitikisika nyumba icheze isianguke. Hoteli kadhaa za Baixa ziko ndani ya nyumba hizohizo. Ukitaka kuona tetemeko lilifanya nini panda kidogo mpaka kanisa la Carmo, liliachwa bila paa mpaka leo, nguzo na matao yanatazama mbingu.

Sasa mambo ya matumizi. Ukilala Baixa una metro mbili, Rossio na Baixa-Chiado, na hiyo Baixa-Chiado ni siri ya wenye magoti mabovu: mlango mmoja uko chini Baixa, mwingine uko juu mtaa wa Chiado, katikati kuna ngazi za umeme ndefu, kwa hiyo unapandishwa kilima kizima umesimama. Vilevile kuna lifti ya bure kwenye mtaa wa Rua dos Fanqueiros, ukitoka hapo unatembea kidogo unakuta nyingine ndani ya jengo la supamaketi, nayo bure, inakutupa karibu na ngome ya São Jorge. Wakati huohuo niliwakuta watu wamepanga foleni saa nzima kupanda lifti ya chuma ya Santa Justa, ile ya 1902, ni nzuri kwa macho sikatai, ila kile kibaraza cha juu unaweza kukifikia kwa kutembea kutoka uwanja wa Carmo, bila foleni.

Kasoro ya Baixa ni kwamba ni ghali na ukitoka mlangoni tu kuna kijana ameshika menyu yenye picha anakuita rafiki. Mkahawa wowote wenye mtu wa kukuvuta barabarani, pita. Hii si sheria ya Lisbon peke yake, Forodhani pia unaijua.

3. Saldanha na mitaa yake

Sina mengi. Ni mji wa maofisi, barabara pana, hoteli za kisasa zenye lifti, metro laini mbili. Haina roho ila unalala. Wikiendi bei hushuka kwa sababu watu wa mikutano wameondoka. Faida moja kwa wengi wetu, msikiti mkuu wa Lisbon uko upande huo, karibu na Praça de Espanha, ulifunguliwa 1985 na waumini wake wengi asili yao ni Msumbiji, kwa hiyo Ijumaa ni karibu. Na ndugu zetu Waismailia wanajua kwamba makao ya Imamu wao, Aga Khan, yako hapohapo Lisbon, na yule wa nne alifia mji huu Februari 2025.

4. Graça

Huu ndo mtaa wa kilimani ninaoukubali, kwa sharti una begi la mgongoni na hujafika miaka hamsini. Uko juu kuliko ngome, kibaraza cha Senhora do Monte kiko pale, jioni unaona mji wote mpaka daraja la 25 de Abril, lile jekundu. Jumanne na Jumamosi unateremka kwenye mnada wa Feira da Ladra, vitu vikuukuu, vigae, sahani, funguo zisizo na kufuli. Shida ni kufika. Tangazo litakwambia tramu namba 28 inasimama mlangoni, na ni kweli inasimama, ila ni kile kitramu kidogo cha njano ambacho kila mtalii duniani anataka kukipanda, kimejaa mpaka kinahema, na wezi wa mifukoni wanakijua kuliko dereva. Ukiwa na begi kubwa usijaribu. Kama unataka kukipanda kwa raha zako nenda stesheni ya kwanza Martim Moniz kabla ya saa mbili asubuhi, simu weka mfuko wa mbele.

5. Parque das Nações

Kwa wenye watoto wadogo. Si mji wa kihistoria hata kidogo, ulijengwa kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Expo 98, ila ni tambarare kabisa, kando ya mto, lifti kila mahali, mtoto anakimbia hakuna gari, na kuna Oceanário, nyumba ya samaki ambayo mwanangu hakutaka kutoka, papa anapita juu ya kichwa chako taratibu kama basi la mkoa. Metro ya Oriente iko kati ya uwanja wa ndege na mji. Kila siku utatumia kama nusu saa kwenda katikati, na jioni ukirudi unakuta mtaa umelala. Ningekuwa na mapacha ningeuweka namba mbili.

6. Alfama

Nimeiweka namba sita na najua kuna watu watakasirika. Jina lenyewe ni la Kiarabu, al-hamma, chemchemi za moto, neno ndugu na hamamu yetu, na tetemeko la 1755 liliuacha huu mtaa umesimama kwa sehemu kubwa ndo maana vichochoro vyake havijanyooka, ukipita unakumbuka Mji Mkongwe wa Unguja, nguo zimeanikwa juu ya kichwa chako, paka, radio dirishani. Usiku fado, zile nyimbo zao za majonzi, inasikika kutoka kwenye vyumba vidogo. Nenda, tembea, potea, kula. Kulala ni kesi nyingine: magurudumu ya mabegi ya wageni yanagonga mawe usiku kucha, na wenyeji wenyewe wanapungua kila mwaka kwa sababu nyumba zimegeuka za kupangisha watalii, kitu ambacho yule bibi wa kiti alimweleza mke wangu kwa Kifaransa chake kibovu na mke wangu akamwelewa kwa Kifaransa chake kibovu.

Siku tunahama mama akamwachia leso, nyekundu na nyeupe, mpya, ilikuwa ya zawadi ya mtu mwingine kabisa. Bibi akaishika, akaipapasa, akasema lenço. Mama akasema ee, leso. Bibi akarudia lenço, mama akarudia leso, wakaangaliana kama wamegundua ni ndugu. Kuanzia hapo mama ikawa ndo mchezo wake mji mzima, mesa ni meza, bandeira ni bendera, ananás ni nanasi, vinho ni mvinyo (hapo aliguna), parafuso ni parafujo. Alipoambiwa igreja ni kanisa na ndo kwetu ikawa gereza, akasema basi waliotuletea neno tuliwaelewa vizuri.

7 na 8. Belém, au kuvuka mto kulala Cacilhas

Belém ni pazuri mchana, usiku hamna mtu, na uko mbali na kila kitu isipokuwa makumbusho. Cacilhas ni ng'ambo ya mto, unavuka kwa feri dakika kama kumi kutoka Cais do Sodré, ni Kigamboni yao, vyumba bei chini, samaki wa kuchoma, na Lisbon yote unaitazama mbele yako. Ningeiweka juu zaidi kama si migomo, Wareno wakigoma usafiri wanagoma kweli, na wewe uko ng'ambo.

Wa mwisho: Bairro Alto

Ni baa. Kila mlango baa. Watu hawakai ndani, wanasimama barabarani na glasi mpaka usiku wa manane, chini ya dirisha lako. Kama umeenda kunywa, sawa, kalale wewe. Zamani watu walikuwa wanasema lakini kuna ile funikula ya Glória, kibehewa cha kuvutwa na kamba kwenye mlima, inakupandisha kutoka Restauradores, ilikuwepo tangu 1885, ila tarehe 3 Septemba 2025 iliacha njia ikaua watu 16. Usibuku chumba cha kilimani kokote kwa hesabu kwamba funikula itakubeba, uliza kwanza kama inafanya kazi.

Maswali ya kumuuliza mwenye nyumba kabla hujalipa

Uliza lifti ipo au haipo, jibu liwe la maandishi. Uliza gorofa ya ngapi, na ukumbuke wao chini kabisa hawahesabu, gorofa yao ya tatu kwako ni ya nne. Uliza gari linafika mlangoni. Kama unaenda kati ya Novemba na Machi uliza hita, maana Lisbon haina baridi ya Ujerumani ila nyumba zake nyingi hazina hita za maana, unavaa koti sebuleni, nje kuna joto kuliko ndani. Angalia tangazo lina namba ya usajili, apatimenti halali za kupangisha wageni zinakuwa na herufi AL na namba, isiyokuwa nayo achana nayo. Na kodi ya mji ya wageni ni euro 4 kwa kila mtu kwa kila usiku, mpaka usiku saba, chini ya miaka 13 hawalipi, mara nyingi haimo kwenye bei uliyoiona kwa hiyo watu wazima wawili siku tano ni euro 40 za ziada ambazo watu hugombana nazo mapokezi.

Tiketi

Hapa napanga haraka. Ya kwanza kwa wengi ni kadi ya Navegante, centi 50, kila mtu yake, unaiwekea salio kwa mfumo wanaouita zapping halafu inakukata kidogo kidogo, metro, basi, tramu, feri, mpaka treni ya Sintra na ya Cascais. Ukilipa taslimu ndani ya tramu unalipa zaidi ya euro 3 kwa safari ambayo kwa kadi ni chini ya mbili. Ya pili ni tiketi ya saa 24, kama euro 7, kwa ile siku ya kupanda na kushuka vilima. Ya tatu Lisboa Card, euro 30 na ushee kwa saa 24, 60 na ushee kwa saa 72, ina usafiri na makumbusho mengi ndani yake, inalipa kama unaingia sehemu tatu kwa siku, kama wewe ni mtu wa kukaa mgahawani unatazama watu hailipi. Na usiinunue ianze Jumatatu, makumbusho mengi siku hiyo yamefungwa. Ya mwisho kabisa ni bajaji. Ndio, bajaji zilezile, ziko kibao, zimepambwa maua, na bei yake ukiibadilisha kuwa shilingi utashuka mwenyewe kabla haijaondoka.

Siku moja ya kutumia pesa bila kujuta

Makumbusho ya Museu Nacional de Arte Antiga, mtaa wa Janelas Verdes, kati ya katikati ya mji na Belém. Watalii wengi wanaipita. Ndani kuna kitu kinaitwa Custódia de Belém, chombo cha kanisani cha kuwekea hostia, ule mkate wa komunyo, dhahabu tupu imetiwa rangi za enameli, kirefu chini ya mita moja, mitume kumi na wawili wadogo kama kidole wamepiga magoti kukizunguka. Mwaka 1502 Vasco da Gama, safari yake ya pili, alitia nanga Kilwa na mizinga yake akamlazimisha sultani kulipa kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno. Dhahabu hiyo ikaletwa Lisbon, mfalme Manuel akampa sonara Gil Vicente, kikakamilika 1506. Na hawakuficha, chini kwenye kitako wameandika kwa herufi kwamba kimetengenezwa kwa dhahabu na kodi ya Quiloa. Nilimsomea mama herufi moja moja. Akasogea mpaka pua ikagusa kioo, akauliza Kilwa hii hii yetu? Nikamwambia hii hii. Akakaa kimya, akazunguka upande wa pili, akarudi. Akasema, na watu wa Kilwa walipewa risiti?

Ukitoka hapo endelea Belém na tramu 15. Monasteri ya Jerónimos ilianza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1500 kwa sehemu ya ushuru wa asilimia tano uliotozwa biashara ya Afrika na Mashariki, na kaburi la Vasco da Gama liko ndani ya kanisa, ukiingia mkono wa kushoto, jiwe limechongwa jahazi. Kanisa ni bure, cha kulipia ni ule uwanja wa ndani wenye matao, usichanganye foleni mbili kama mimi. Mnara wa Belém angalia kwanza mtandaoni kama umefunguliwa, ulifungwa 2025 kwa matengenezo. Halafu Pastéis de Belém, vitobosha vya maziwa na mayai wanaoka tangu 1837, foleni ya nje ni ya kubeba, wewe ingia ndani kaa, vyumba ni vingi, nyunyizia mdalasini, kula vya moto.

Kwenye kula kwingine nina onyo moja tu. Ukikaa mezani wanaleta mkate, zeituni, jibini bila kuagiza, unadhani ni ukarimu. Si ukarimu, inaitwa couvert, ukigusa unalipa, ukisema hapana asante wanarudisha na hakuna anayenuna. Asiyekula nguruwe aulize kila supu, hata ya mboga wanaitia soseji. Sadini wa kuchoma ni salama kwa wote, na mchana tafuta ubao umeandikwa prato do dia, yaani chakula cha siku.

Lini, na makaratasi

Katikati ya Septemba mpaka mwisho wa Oktoba ndo wakati, ikishindikana Aprili na Mei. Julai na Agosti joto, foleni, bei juu. Usiku wa tarehe 12 Juni ni sherehe ya mtakatifu António, mji mzima unanuka sadini na hakuna anayelala, ni raha kweli ila chumba buku miezi mingi kabla.

Anayetokea Dar au Nairobi hakuna ndege ya moja kwa moja, utapita Istanbul, Dubai au Amsterdam. Viza ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima, unaomba mapema mpaka miezi sita kabla na usichelewe mpaka zikabaki chini ya siku 15 kabla ya safari, bima ya safari isipungue euro 30,000. Ukipitia Amsterdam ukaguzi wa kuingia Schengen unamalizana nao palepale, kwa hiyo usibuku ndege ya kuunganisha ya dakika hamsini.

Na viatu, kabla sijasahau. Njia za miguu ni vijiwe vyeupe vya chokaa vimesuguliwa na nyayo za watu miaka nenda rudi, mvua ikinyesha ni sabuni. Raba yenye meno. Mke wangu alienda na viatu vya kupigia picha, siku ya pili tukawa tunatafuta duka. Siku ya kurudi kumbuka metro inaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ndege yako ikiwa kabla ya saa mbili na nusu agiza teksi tangu usiku, na kama ulinisikiliza ukalala bondeni itakukuta mlangoni.